Mama Glody Bwawani

Marcelline alikubali kwenda kuvua samaki usiku kwa sababu ya neno moja. Siku ya mazishi ya mumewe, mwezi wa tano, wanaume wawili aliowajua kwa sura tu walimjia pale makaburini, wakamshika mkono kwa zamu. Wa kwanza, Mkongomani mnene aliyevaa suti iliyombana mabegani, aliinama akamwambia, "Pole sana, Mama Glody."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Kanisani aliitwa Mama Marcelline, saluni alikosukia watu nywele aliitwa dada, na majirani wa ghorofa yao pale Greyville walimpungia mkono tu wakipishana kwenye ngazi. Durban nzima haikujua kwamba aliwahi kuzaa. Glody alifia kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania, akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, kwa homa iliyoanza Jumapili asubuhi na kummaliza Jumanne alfajiri. Wazazi wake walimzika, wakakaa wiki tatu, kisha wakashika njia ya kusini. Tangu siku ile jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani kwao.

Kumbe Barthélemy alikuwa akilitaja kwingine.

Barthélemy aliyemjua yeye alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Alirudi kutoka kiwandani Jacobs, akaoga, akala, akauliza kama mlango umefungwa, kisha akakaa dirishani akitazama taa za uwanja wa mbio za farasi mpaka usingizi ukamchukua. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alitoa fimbo yake ya kuvulia nyuma ya kabati akaondoka, na Jumamosi asubuhi akarudi akinuka tope, bila samaki hata mmoja. Miaka miwili ya mwanzo Marcelline aliamini iko mwanamke. Baadaye aliacha kuamini hivyo, na kuuliza pia akaacha. Kisha moyo wa Barthélemy ukasimama saa ya mapumziko, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi, na ya kuuliza yote akaenda nayo.

Ndiyo maana yule mnene, jina lake Honoré, alipopiga simu mwezi wa kwanza, Marcelline hakukata.

"Mama, Ijumaa tunaenda bwawani," alisema Honoré. "Nafasi ya mzee iko wazi kwenye gari. Tumeona si vizuri fimbo yake ilale tu. Kuya nasi."

"Mimi sijui kuvua."

"Hata yeye hakujua alipoanza. Kuya."

Aliomba siku moja ya kufikiri, lakini alikuwa ameshafikiri. Alitaka kitu kimoja tu: kukaa na watu waliomsikia mumewe akimtaja mtoto wao, na kuwauliza alisema nini. Alimkumbuka kwa lipi, kwa macho, kwa sauti, kwa ile homa? Kwa miezi minane alikuwa amelala peke yake na swali hilo, kama mtu aliyelala na jiwe chini ya shuka.

Honoré alimpitia saa kumi na mbili jioni kwa bakki yake, pikapu kuukuu ya viti vitatu mbele. Alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa Pinetown. Pembeni yake alikaa yule wa pili, Chacha, Mkuria wa Tarime, mrefu na mkimya, aliyeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo kiwanda kilekile alichofanyia kazi Barthélemy. Chacha alishuka bila kuambiwa, akampisha Marcelline akae katikati, akaipokea fimbo na kuilaza nyuma kwa uangalifu, kama anamlaza mtu.

Walipokwama kwenye robot, taa za kuongozea magari, karibu na barabara kuu, Marcelline akasema ili kuvunja ukimya, "Kwa hiyo ninyi ndio mlikuwa mnakesha na mume wangu. Mliwezaje? Yule mtu hakuwa na maneno."

Honoré akacheka mpaka usukani ukatikisika. "Mzee? Mama, yule alikuwa redio. Ukimwasha hapa, hazimi mpaka kesho saa moja."

"Kweli, shemeji," alisema Chacha. "Alituchekesha mpaka samaki wakakimbia."

Marcelline akatabasamu kwa adabu, akageuza macho kwenye taa za maduka. Redio. Nyumbani kwake redio ile ilikuwa imekaa miaka kumi na mmoja bila betri.

Walipita Pinetown, wakapanda hadi Hillcrest, kisha barabara ikaanza kuteremka kwa mizunguko mpaka bondeni. Walipofika bwawa la Inanda, mwanga wa mwisho ulikuwa unaondoka juu ya maji. Mlinzi wa getini aliwajua, akawaandika. Akamtazama Marcelline, akatazama kiti alichokalia, akaelewa ni nani asiyekuwepo. Akavua kofia yake.

Hapakuwa na mwezi. Honoré alitandika turubai, akatoa chapati, kuku na chupa ya chai. Kisha wakazima taa zote isipokuwa tochi ndogo nyekundu aliyoivaa Chacha kichwani. Vyura walikuwa wameanza. Ng'ambo, milimani, kulikuwa na taa chache za nyumba za watu, zikiwa mbali moja na nyingine kama watu waliogombana.

"Iko mamba hapa?" aliuliza Marcelline. Yeye ni mtu wa Uvira, na maji ya kwao yana wenyewe.

"Sijawahi kumwona," alisema Chacha. "Tukae tu mbali kidogo na ukingo."

Akamfundisha. Samaki waliyemfuata alikuwa besi, wa mdomo mkubwa. Chacha alifunga mnyoo mweusi wa plastiki kwenye ndoana, akaficha ncha yake ndani ya mnyoo ili isinase majani.

"Besi hakimbilii chakula, shemeji. Anakaa penye gogo au jiwe, anangoja kipite karibu na mdomo wake. Mchana anaona sana, anashuku. Usiku anasikia tu. Kwa hiyo tunavuta polepole, kitambae kule chini kama kitu kisicho na haraka."

"Nitajuaje kama amekuja?"

"Atagonga. Kama mtu anayebisha hodi halafu anajuta. Usivute hapo hapo. Hesabu mbili, kisha inua fimbo kama una hasira."

Alirusha mara ya kwanza, uzi ukaanguka karibu na miguu yake. Mara ya tano mnyoo ukaenda mbali, akausikia ukigonga maji mahali asipopaona. Honoré akapiga makofi mawili madogo. Kwa kitambo walivua hivyo, watatu kwa safu. Marcelline akaanza kuyapanga maneno yake. Angesema: mume wangu alikuwa akiwaambia nini juu ya mtoto? Lakini Honoré alimtangulia.

"Mama Glody," alisema, akivuta uzi wake taratibu. "Na mtoto, masomo inaenda?"

Marcelline alidhani hakusikia vizuri. "Mtoto gani?"

"Glody. Si anamaliza darasa la sita mwaka huu? Mzee alisema anaogopa hesabu kuliko nyoka."

Vyura waliendelea. Marcelline aliacha kuvuta uzi. Alijua Chacha naye amegeuza kichwa, kwa sababu ile nukta nyekundu ilikuwa imemwelekea. Walikuwa wanangoja. Walikuwa wanangoja kwa wema kabisa, kama watu wanavyongoja kusikia habari njema ndogo.

"Hajambo," alisema. Neno lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka hata mgonjwa mahututi akisalimiwa.

"Asante Mungu," alisema Honoré. "Siku ya mazishi tulimwaza sana. Chacha alisema, yule mtoto hata kumuaga baba yake hakupata. Lakini makaratasi ya kuvuka mipaka, tunajua ilivyo. Na bibi yake, bado ana nguvu?"

"Bado."

"Vizuri. Donc, basi, ngoja."

Aliweka fimbo chini, akaenda kwenye bakki, akarudi na begi la shule. Akamwekea mapajani. Lilikuwa jipya, bado na karatasi ndani ili lisibonyee.

"Mdogo wangu Peguy anapanda basi Jumatano, anaenda Uvira kumwona mama mkwe wake. Atamfikishia bibi mkononi. Iko madaftari, iko kalamu, iko viatu. Viatu tulikisia. Mimi nilisema thelathini na sita."

"Thelathini na saba," alisema Chacha kutoka gizani. "Watoto wa siku hizi wana miguu."

"Tukanunua thelathini na saba. Na si hilo tu, mama. Mzee kila mwaka alisema, mwaka huu namleta Glody Durban, mwaka kesho namleta. Sasa hayupo. Sisi wawili tumeongea. Kumleta, tutasaidia. Wewe sema tu uko tayari, tuanze kutafuta njia."

Marcelline alilishika begi kwa mikono miwili. Aliweza kuvihisi viatu vile ndani, visigino vyake vigumu vikimsukuma tumboni. Akashukuru. Akasema wamefanya jambo kubwa. Kisha akasema angependa kujaribu pale mbele kidogo, kwenye lile jiwe bapa, labda samaki wa huku wamemchoka. Honoré akamwambia ndiyo, pale ndipo palikuwa mahali pa mzee.

Alikwenda akakaa juu ya jiwe peke yake. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili wenye mioyo mizuri, na mbele yake maji yasiyoonekana mwisho, na hakuna upande hata mmoja uliokuwa na mtu wake. Alikuja kumtafuta mumewe aliyekuwa akiomboleza kwa watu wengine. Amemkuta mtu aliyekataa kumzika mtoto wake. Huku bwawani Glody alikuwa ameota meno, akaenda shule, akajifunza kuogopa hesabu. Alikuwa na namba ya viatu. Na mama yake hakualikwa hata siku moja.

Alitaka kumkasirikia Barthélemy, na kwa muda aliweza. Lakini hasira ile ilipokuwa ikitafuta pa kukaa, alikumbuka lori la mkaa lililowabeba kutoka Kasulu, wiki tatu baada ya kuzika. Walikuwa wamekaa juu ya magunia, Barthélemy akafungua kinywa kusema jambo, akaanza na jina la mtoto. Na yeye Marcelline akamshika mdomo kwa kiganja chake cheusi kwa masizi, akamwambia, "Ukitaka niendelee kuishi, usilitaje jina hilo tena mbele yangu." Barthélemy aliitika kwa kichwa. Hakuivunja ahadi hiyo hata mara moja.

Mbele yangu. Ndivyo alivyosema, kwa kinywa chake mwenyewe. Naye yule mtu alikuwa mwaminifu kiasi cha kutafuta mahali pengine.

Uzi ukagongwa.

Aliupata mtikiso ule kwenye kidole cha shahada, mara mbili, kwa wepesi. Alihesabu moja, akahesabu mbili, akainua fimbo kama mwenye hasira, na hasira haikuwa shida usiku ule. Fimbo ikapinda. Kitu kule chini kikageuka na kuondoka, na rili, kile kigurudumu cha uzi, ikalia kwa sauti ambayo iliwainua wote wawili kule nyuma.

"Usimlazimishe," aliita Chacha akija mbio. "Mwache aende, akichoka mrudishe."

Samaki aliruka. Hawakumwona, walimsikia akitoka majini, akitikisa kichwa, akaanguka tena kwa kishindo. Marcelline aliing'ang'ania fimbo kwa mikono miwili. Chacha hakumgusa wala kuishika fimbo, alisimama tu pembeni akisema, sasa, ngoja, sasa. Baada ya muda ambao Marcelline asingeweza kuupima, mwanga mwekundu uliangukia mgongo mpana ukingoni mwa maji. Chacha akaingia mpaka magotini, akatia kidole gumba ndani ya ule mdomo, akamwinua.

"Kilo tatu," alisema polepole. "Zaidi. Mzee hakuwahi kumpata wa hivi."

Akamwonyesha namna ya kumshika, kwa taya la chini. Mdomo ulikuwa mkubwa kiasi cha kumeza ngumi ya mtu. Marcelline alimtazama samaki akifungua na kufunga mashavu, akajikuta akicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu mwezi wa tano, na akageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Mtu huyo hakuwepo.

"Tunamla au tunamrudisha?" aliuliza Chacha. "Mzee alirudisha wote. Alisema Glody hapendi kusikia samaki amekufa."

Marcelline aliinama, akamweka samaki majini, akamshikilia mpaka alipohisi nguvu zikimrudia, akamwachia. Alibaki ameinama vilevile, mikono ndani ya maji.

"Glody hakufikia umri wa kujua samaki ni nini," alisema.

"Unasema nini, shemeji?"

"Alikufa, Chacha. Alikufa Nyarugusu, ana mwaka mmoja na miezi minne. Hakuna mtoto Uvira. Hakuna bibi pia, bibi alitangulia. Nimesema hajambo kwa sababu sikujua niseme nini."

Honoré alikuwa amefika, akasimama na kikombe mkononi. Chacha aliizima tochi yake, labda bila kujua anafanya nini, na sauti yake ikatoka gizani.

"Nimekuwa nikimwombea yule mtoto miaka sita. Mke wangu pia. Doris alimshonea gauni la Krismasi, la njano, kola nyeupe. Mzee alilichukua mikononi mwangu. Mwezi wa pili akaja kutuambia limefika, limembana kidogo makwapani. Doris akaomba radhi. Akaomba radhi kwa kushona vibaya. Lile gauni lilienda wapi?"

"Sijui," alisema Marcelline. "Sijawahi kuliona."

"Makwapani," alisema Chacha, kama anamwambia mtu mwingine. Wakasikia hatua zake zikipanda, kisha mlango wa bakki ukifungwa.

Honoré alibaki. Alikaa chini juu ya majani, uzito wake wote, akamwaga chai iliyokuwa kikombeni. Kisha akasema, "Na mimi nikakuletea viatu."

"Hukujua."

"Sikujua. Vraiment, mama, kweli sikujua."

Marcelline alijifuta mikono kwenye kitenge chake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kuomba, naye hakuwa na mazoea ya kuomba. "Niambie yote aliyosema."

"Mama, ni uongo."

"Najua. Niambie."

Honoré alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaanza, kwanza kwa kusitasita, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alimwambia kwamba Glody alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema. Kwamba akiwa na miaka mitano alifukuzwa na bata mzinga wa jirani, na tangu hapo hapiti njia ile. Kwamba meno ya mbele yaling'oka yote mawili wiki moja, na Barthélemy aliwaigizia jinsi anavyosema jina lake bila meno. Kwamba anapenda kuchora, na nyumba zote anazochora zina ngazi. Kwamba ana maringo.

"Halafu nywele," alisema Honoré, akasita.

"Nywele nini?"

"Hataki kusukwa na mtu. Bibi akimshika anakimbia. Anasema atasukwa na mama yake tu, siku akifika Durban. Mzee alisema hivyo mara nyingi. Alisema, shemeji yenu ana mikono, mkiiona mikono ile mtaelewa kwa nini mtoto anangoja."

Marcelline aliisikiliza habari yake yote ya miaka kumi na mmoja aliyokosa. Katika hadithi ile alikuwemo yeye pia: alipiga simu Uvira kila Jumapili, alimwimbia mtoto wimbo wa kulala kwenye simu, aligombana na mumewe juu ya shule ipi ni nzuri. Ilikuwa nyumba yenye kelele. Aliitamani nyumba ile kama mpita njia anavyotamani dirisha lenye taa.

Honoré alipomaliza, yeye akamwambia ya kweli, yaliyokuwa machache. Glody alikuwa na maneno matatu tu: baba, maji, na bado. Hilo la tatu alilipata kwa sababu ndilo watu wazima walimwambia kutwa kambini. Alilala akishika sikio la mama yake. Basi, hayo tu. Yakaisha kabla hata chai haijapoa kwenye chupa, naye akashangaa jinsi yalivyokuwa madogo mtu anapoyasema kwa sauti, baada ya kuyabeba mbali namna ile.

Asubuhi walikunja turubai. Chacha alikataa kukaa mbele, akapanda nyuma ya bakki pamoja na fimbo, akajifunika koti mpaka kichwani. Walipofika Greyville alishuka, akamfungulia Marcelline mlango, akamkabidhi fimbo yake kwa mikono miwili, lakini macho alikuwa ameyaweka kwenye lami. Begi lilibaki garini. Marcelline alimwambia Honoré ampe Peguy alichukue, Uvira watoto hawakosekani, na miguu ya namba thelathini na saba haikosekani.

Alipanda ngazi, akafungua kabati la mumewe, akatoa kila kitu kimoja kimoja: mashati, sweta, viatu vya kazi, mfuko wa makaratasi ya uhamiaji. Akapapasa chini ya godoro. Akapanda kiti akaangalia juu ya kabati na nyuma ya tanki la maji ya moto. Gauni la njano halikuwepo. Labda alimpa mtoto fulani barabarani. Labda alilitia majini usiku mmoja, wenzake wamelala. Alikaa sakafuni katikati ya mashati mpaka mchana, akijua kwamba hili hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Wiki mbili baadaye Chacha alikuja saluni. Aliingia akiwa na nguo za kazi, akakaa kwenye benchi katikati ya wanawake wanaongoja zamu, magoti yake yakiwa yamepanda juu kama ya panzi. Marcelline alikuwa anamsuka mteja. Hakuacha.

"Nilimkasirikia marehemu," alisema Chacha kwa sauti ya chini. "Si wewe."

"Najua."

"Doris amelia siku mbili. Halafu ameniuliza, mtoto amezikwa sehemu gani hasa. Nikaona sina jibu."

Marcelline alisuka mistari miwili kabla ya kujibu. Alimwambia eneo la kambi, akamwambia kulikuwa na bomba la maji na, kupita bomba, safu ya vilima vidogo vya udongo, na cha kwao kilikuwa cha nne au cha tano. Walikuwa wameweka mti wenye jina, lakini kipindi kile watu walikosa kuni. Alisikia mwenyewe jinsi maelezo yake yasivyoweza kumfikisha mtu popote. Chacha aliyaandika yote kwenye simu yake, akaomba amtajie tena jina la eneo, akaandika. Kigoma na Tarime ni mbali, alisema, lakini ni nchi moja. Kisha akaaga, akawaomba radhi wanawake wa benchini kwa kuwasogeza.

Mwezi wa saba alikwenda kwao likizo, akarudi. Hakusema kama alifika Nyarugusu, na Marcelline hakuuliza. Nauli, ndugu, siku chache. Alijua likizo zinavyokwisha.

Bwawani aliendelea kwenda, si kila mwezi, ila kila alipoitwa. Alijifunza kurusha mbali, kujua gogo na jani kwa kidole, kunyamaza. Wenzake waliongea habari za magari na mpira na mwenye nyumba wa Honoré. Chacha alimwita shemeji tu. Utani wa zamani haukurudi. Ulikuwa wa Barthélemy, na walipojaribu kuurudia uliwafia mdomoni. Mara nyingi kila mmoja alikaa kwenye sehemu yake ya ukingo, mbali na mwenzake, na kilichowaunganisha ni zile sauti ndogo za rili.

Usiku mmoja wa mwezi wa tisa, upepo umetulia, Honoré alisema ghafla bila kugeuka, "Kwa shule za Uvira, mwezi huu angeanza sekondari."

Chacha aliacha kuvuta uzi. Marcelline akangoja aone kama neno hilo litamuumiza, nalo likamuumiza, lakini aliona pia kwamba wale wawili, kila mmoja gizani kwake, walikuwa wameinamisha vichwa.

"Ndiyo," alisema. "Angeanza."

Baada ya muda Chacha alianza tena kuvuta, polepole, na Marcelline akarudisha uzi wake, akabadilisha mnyoo uliochanika, akarusha.